Jeki huinua, haibebi: Baba wa familia na usalama chini ya gari



Ndugu wasomaji wa ukurasa wa familia, suala letu la wiki hii huenda likaonekana kuwa ni la gereji kuliko la nyumbani. Hata hivyo nyumba zetu zimekwisha kuwa gereji. Hapa Mazimbu magari ya mtumba yameingia katika familia nyingi: mwalimu ana IST, mfanyabiashara wa mazao ana Noah, na kijana wa daladala hulaza HiAce ya tajiri wake uani kwa mama yake. Ifikapo Jumamosi asubuhi, apitaye mitaani huona gurudumu limefunguliwa, boneti imeinuliwa, na miguu ya mtu mzima imechomoza chini ya gari, huku watoto wake wakicheza hatua tatu kutoka hapo.

Hakuna aibu katika hilo. Kubadili oili na filta, kufunga pedi mpya za breki au kukagua bushi zilizokwisha ni kazi ambazo mtu mwenye mikono na subira anaweza kuzifanya, akaokoa fedha za ada ya shule. Ndiyo maana ndugu kadhaa, kila mmoja kwa wakati wake baada ya swala, wameniuliza swali linalofanana: ninunue jeki gani ya kuweka nyumbani?

Jibu fupi ni hili. Nunua jeki ya magurudumu iliyo pana, yenye uwezo usiopungua uzito wa gari lako zima. Lakini kabla ya kutoa hata shilingi moja kwa ajili ya jeki hiyo, tenga kwanza fedha za stendi mbili za kuegemezea gari. Na ikiwa mfukoni mna fedha za kimoja tu kati ya viwili hivyo, nunua stendi, kisha endelea kuinulia gari kwa jeki uliyonayo mpaka Allah atakapokufungulia. Yaliyobaki katika makala hii ni ufafanuzi wa jibu hilo.

Kinachoshikilia gari

Jeki nyingi za gereji ni jeki za mafuta, ambazo wataalamu huziita za haidroliki. Ukisukuma mpini, pampu ndogo husukuma mafuta kidogo kidogo kwenda kwenye silinda kubwa, na pistoni ya silinda hiyo huinuka. Kanuni yenyewe ni ya zamani. Mwingereza Joseph Bramah alipata hataza ya mashinikizo yanayofanya kazi hivyo mwaka 1795. Kwa njia hiyo nguvu ya mkono mmoja huweza kuinua mzigo wa zaidi ya tani moja.

Basi jiulize: gari likishainuka, ni nini kinachozuia lisishuke? Ni mafuta yaliyofungiwa ndani, na yanayoyafungia ni mpira mwembamba wa sili pamoja na vali ndogo yenye gololi. Mpira huzeeka. Chembe ya mchanga ikiingia kwenye vali, vali haifungi sawasawa. Jeki huweza kushuka taratibu kwa saa nzima bila mtu kutambua, na huweza pia kushuka kwa mara moja. Mtu aliyelala chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake ameiweka roho yake, na riziki ya watoto wake, juu ya kipande cha mpira ambacho hajawahi kukiona. Ndiyo maana mafundi waliosoma kazi yao husema kwamba jeki huinua, haibebi.

Jeki tatu, kazi tatu

Jeki ya kwanza ni ile nyembamba ya kukunjuka kama mkasi, ambayo huja na gari ndani ya buti. Hiyo imetengenezwa kwa ajili ya pancha tu: inua, badili tairi, shusha. Kitako chake ni kidogo na huyumba kwa msukumo mdogo. Mtu asiingize hata mkono chini ya gari kwa kuitegemea.

Ya pili ni jeki ya mafuta iliyo wima kama chupa. Ina nguvu nyingi, na madereva wa malori huipenda kwa sababu hiyo. Udhaifu wake ni umbo: ni ndefu wakati kitako chake ni chembamba, kwa hiyo gari likisogea kidogo, nayo hulala. Isitoshe, mara nyingi haiwezi kupita chini ya gari dogo ambalo tairi yake imekwisha upepo.

Ya tatu ndiyo tunayoizungumzia: jeki ya kulala, ndefu, yenye magurudumu manne ya chuma na mpini mrefu. Mapana yake huipa uthabiti, na mpini wake humwezesha mtu kuinua gari akiwa amesimama nje ya kivuli cha gari hilo. Kwa kazi za nyumbani hii ndiyo bora, maadam ichaguliwe vizuri.

Mambo ya kutazama dukani

Anza na uzito. Toyota IST ina takriban kilo 1,000 na ushei, Noah ina takriban kilo 1,500, na Prado hupita kilo 2,000. Ni kweli kwamba ukiinua upande mmoja jeki haibebi gari zima, lakini sehemu ya mbele huwa nzito zaidi kwa ajili ya injini, na gari la familia halikosi mzigo uliosahauliwa ndani. Kwa gari dogo chukua jeki ya tani 2, na kwa gari kubwa chukua ya tani 3. Ukinunua yenye uwezo mkubwa kuliko unaohitaji, hujapoteza kitu.

Pili, pima kimo kabla ya kuondoka nyumbani. Chukua futi ya kupimia, upime kutoka ardhini hadi sehemu ya gari inayowekewa jeki. Jeki lazima iweze kuingia hapo ikiwa imelala, na ikiinuka ipite kipimo hicho kwa sentimita 15 hadi 20. Sababu ni kwamba mwili wa gari huanza kupanda huku gurudumu likiendelea kuning'inia kwa springi na shokapu zake, kwa hiyo huhitaji kuinua zaidi ya unavyodhani. Wengi hununua zile jeki ndogo za magurudumu kwa kuvutiwa na bei, wakifika nyumbani wanakuta zimefika mwisho kabla tairi haijaachana na ardhi. Hapo ndipo mtu huanza kupanga vipande vya matofali chini ya jeki, na msiba huanzia hapo.

Tatu, kagua chuma chenyewe. Tazama sehemu zilizochomelewa: ziwe zimejaa, hazina matundu wala nyufa zilizofichwa kwa rangi. Kisahani cha juu kinachogusa gari kiwe kipana, chenye kingo, na kizunguke bila kuyumba. Tazama chini ya pampu. Ukiona mafuta yanalowesha, rudisha. Fungua vali polepole uone kama jeki inashuka kwa utaratibu unaoutaka wewe. Kuna jeki ambazo ukizungusha mpini kidogo tu huporomoka, na hizo hazifai.

Nne, mwombe muuzaji ainue gari lolote lililo karibu, mweke alama ya kimo kwa chaki kwenye kijiti, mkae robo saa. Kama gari limeshuka, jibu mmelipata. Muuzaji mwaminifu hatachukia jaribio hilo, awe wa hapa Morogoro mjini au wa Gerezani na Kariakoo jijini Dar es Salaam.

Lebo nazo zisomwe, kwa tahadhari. Jeki zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huandikwa EN 1494, na za soko la Marekani huandikwa ASME PASE. Hizo ni alama za viwango vinavyotambulika. Lakini lebo huigwa, na maandishi yasiyotanguliwa na ukaguzi hayatoshi. Dai risiti, uitunze. Bidhaa ikidhihirika kuwa mbovu, TBS hupokea malalamiko ya ubora, na Tume ya Ushindani hushughulikia bidhaa bandia. Asiye na risiti hana pa kuanzia.

Udongo wa uani

Vitabu vinavyoambatana na jeki hizi huandikwa kwa ajili ya watu wenye sakafu ya zege. Nyua zetu nyingi ni udongo, na baada ya mvua za masika udongo huo hulainika. Hili si jambo dogo, na sababu yake ni hii: mkono wa jeki ya magurudumu haupandi wima. Hupanda kwa kujipinda, kama mkono wa mtu anayeinua ndoo. Kisahani kinapopanda, husogea pia kuelekea upande mmoja. Kwenye sakafu ngumu magurudumu ya jeki hubiringika kidogo, na tofauti hiyo hujisawazisha. Kwenye udongo magurudumu huzama, jeki hukwama, na kwa kuwa haiwezi kusogea yenyewe, huanza kulivuta gari au kisahani huteleza kutoka mahali pake. Wanaosimulia kwamba gari "lilijirusha lenyewe" aghalabu wanasimulia jambo hili.

Dawa ni ubao mpana na mnene, usiopinda, ambao jeki inaweza kubiringika juu yake. Kila stendi nayo iwekewe ubao wake, kwani miguu ya stendi huchoma udongo laini kama kigingi. Mwenye uwezo amwage zege uani, eneo la usawa linalotosha gari. Na mahali penye mteremko, kama ilivyo kwa nyumba nyingi zilizopanda kuelekea Uluguru, kazi ya chini ya gari isifanywe kabisa. Gari lipelekwe penye usawa.

Stendi, na vinavyoitwa stendi

Stendi ni mguu wa chuma wenye kitako kipana, unaorefushwa kwa kimo unachotaka. Haina mafuta wala mpira, kwa hiyo hakuna cha kuvuja. Ziko za aina mbili: zinazoshikwa kwa pini iliyopenya tundu, na zinazoshikwa kwa meno na kikwamizi chenye mpini. Zenye meno ni rahisi kutumia, lakini mwaka 2020 kampuni ya Harbor Freight ya Marekani ililazimika kuita zirudishwe stendi takriban milioni 1.7 za tani 3 na za tani 6, baada ya kubainika kwamba meno yake yanaweza kuachia. Haikupita muda, baadhi ya zile zilizotolewa kuwa badala nazo zikaitwa zirudishwe kwa kasoro ya kuchomelea. Kule kuna orodha ya bidhaa na njia ya kumfikia mnunuzi. Stendi iliyonunuliwa hapa bila risiti, nani atakuita uirudishe? Kwa hiyo chagua ya pini, au ya meno iliyoongezewa pini ya usalama. Soma pia uwezo wake kwa makini, kwani baadhi ya watengenezaji huandika uwezo wa stendi mbili kwa pamoja.

Ama matofali, ndugu zangu, tuyaache. Tofali la saruji au la kuchoma hubeba ukuta kwa sababu uzito wa ukuta umetandazwa. Likibanwa na ncha moja ya chuma cha gari hupasuka, na halitoi onyo. Dakika hii ni zima, inayofuata ni vumbi. Rimu ya gari iliyosimamishwa nayo haina msingi. Stendi zilizotengenezwa na mafundi wetu wa kuchomelea zaweza kuwa nzuri au mbaya, na mnunuzi hana kipimo cha kujua ni ipi. Kama huna stendi, njia yenye heshima zaidi ni magogo ya mbao ngumu yaliyokatwa mraba, yakapangwa mawilimawili kwa kupishana, tabaka juu ya tabaka, kitako kikiwa kipana kuliko kimo. Waokoaji duniani kote hutumia mpangilio huo. Mbao hulia na kubonyea kabla ya kuvunjika, na kilio hicho humpa mtu nafasi ya kutoka. Mkoa wetu una mitiki na mininga. Mabaki ya karakana za mbao yanatosha kwa kazi hii.

Utaratibu wa kazi

1. Watoto waondolewe uani, na ufunguo wa gari uwe mfukoni mwako. Mtu mzima mmoja ajue kwamba uko chini ya gari, na awe karibu.

2. Gari liwe mahali pa usawa, breki ya mkono imevutwa, gia imeingizwa. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Zingatia kwamba breki ya mkono kwa kawaida hushika magurudumu ya nyuma. Ukiinua nyuma, haikusaidii tena. Na kwa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, kama HiAce nyingi, hata gia haikusaidii. Hapo kabari ndizo zinazokulinda.

3. Nati zilegezwe kidogo gari likiwa bado chini. Kupambana na nati iliyogoma gari likiwa juu ni kulisukuma lianguke.

4. Inua mahali palipoelekezwa na mtengenezaji. Weka stendi penye chuma imara, kisha shusha gari mpaka likae juu ya stendi. Jeki ibaki ikigusa tu, iwe akiba.

5. Kabla hujaingia, lisukume gari kwa mikono, kutoka pande mbili. Kama litaanguka, na lianguke wewe ukiwa nje.

6. Gurudumu lililofunguliwa lilaze chini ya ubavu wa gari. Likitokea lolote, litabakisha nafasi ya kifua.

Likitokea la kutokea

Mtu aliyebanwa kifua hawezi kupumua, hata kama hana jeraha. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika katika muda wa dakika nne hadi sita. Hakuna nafasi ya kwenda kutafuta fundi. Pigeni kelele majirani waje, inueni gari kwa jeki yoyote mahali palipo imara, na kadiri linavyopanda wekeni magogo, ili lisirudi. Asiingie mtu wa pili chini yake. Mmoja apige 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Ni vyema mke na watoto wakubwa wafundishwe kutumia jeki hiyo, kwa kuwa huenda wao ndio watakaokuwa karibu.

Amana iliyo juu yetu

Wapo wanaosema, ajali ni qadar, na aliyeandikiwa haikwepi. Maneno hayo ni ya kweli, ila yamewekwa mahali pasipo pake. Kisa cha bedui na ngamia wake asiyefungwa anakijua kila mtoto wa madrasa zetu, na funzo lake ni kwamba tawakkul huja baada ya kuzishika sababu. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio makuu ya sheria yetu. Baba anayeteleza chini ya gari bila stendi ili kuokoa muda hajatawakali, amepuuza.

Amana hiyo inawagusa wengine pia. Auzaye jeki iliyotumika, hali anajua kwamba inashuka, analazimika kuitaja aibu yake kabla ya kupokea fedha. Anayeazima kifaa anawajibika kukirudisha kizima, na anayeazimisha aseme kasoro anayoijua. Nawe unayemwita fundi na kijana wake waje wafanye kazi uani kwako, usiseme hayakuhusu. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamlinda mfanyakazi wa gereji, lakini mkaguzi hapiti kwenye nyua za watu. Uani kwako mkaguzi ni wewe. Kijana yule ni mtoto wa watu, na mama yake anamsubiri jioni.

Najua wako watakaosema kwamba vifaa hivi ni ghali. Hilo ni kweli kwa mtu mmoja. Lakini mtu hubadili oili mara chache kwa mwaka, na siku nyingine zote jeki imelala stoo. Familia tano au sita za jirani zinaweza kuchangishana, zikanunua jeki moja nzuri, stendi nne na kabari nne, vikawekwa kwa mtu mmoja mwaminifu pamoja na daftari la kuazimia. Kamati za misikiti zinaweza kufanya hivyo pia kwa utaratibu wa wakfu. Misikiti yetu huazimisha turubai na masufuria kwa ajili ya shughuli za jamaa, na stendi si kitu kigeni kuliko hivyo. Sharti liwe moja tu katika daftari hilo: jeki isitolewe peke yake. Anayeichukua aondoke na stendi na kabari zake, hata akisema ni kazi ya dakika mbili.

Tunamwomba Allah awahifadhi baba, vijana na mafundi wetu, na awarehemu waliotangulia wakiwa katika kutafuta halali. Wabillahi tawfiq.